Vinyago vya Mapacha na Upofu wa Uhakiki wa Umbo

Kuna mazoea potovu katika uhakiki wa sanaa za Kiafrika: kukiondoa kinyago mikononi mwa wenyewe, kukiweka nyuma ya kioo, kisha kukisifu kwa umbo lake. Miongoni mwa sanaa zilizodhulumiwa na mazoea haya ni ere ibeji, vinyago vya mapacha vya Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria.

Pacha anapofariki, wazazi humwendea babalawo, yaani mwaguzi wa Ifa, naye huweza kuwaagiza wachongeshe kinyago. Tangu hapo mama hukiogesha, hukilisha, hukivisha na kukipaka unga mwekundu wa mti. Aidha, hukiimbia oriki, tungo za sifa za mapacha. Je, anayeimbiwa ni kipande cha mti? La hasha. Ni Taiwo, aliyetangulia kuzaliwa, au Kehinde, aliyefuata lakini akahesabiwa kuwa mkubwa kwa sababu ndiye aliyemtuma mwenzake kuuonja ulimwengu. Anayetazama umbo pekee huona katika uso uliolainika mtindo au uchakavu tu. Haoni kwamba umelainishwa na vidole vya malezi.

Watetezi wa mkabala huo hudai kwamba mti ndio uliosalia, hali nyimbo hupeperuka. Kwa hiyo mhakiki hana budi kushughulikia kilichopo. Hoja hii haina mashiko. Mnamo 1973 Marilyn Houlberg alieleza jinsi baadhi ya akina mama walivyotumia wanasesere wa plastiki na hata picha za kamera badala ya vinyago. Lau kiini cha ibeji kingekuwa uchongaji, mila hiyo ingalikufa pale patasi ilipowekwa chini. Haikufa. Chombo kilibadilika, malezi na maneno yakadumu. Kuyaita mabadiliko hayo uozo wa mila ni kuomboleza mti na kumsahau mtoto.

Hivyo basi, mgawanyo unaompa mhakiki wa sanaa mti na kumwachia mwanafasihi wimbo ni wa kupotosha. Idara za fasihi zinapoukubali, hushiriki katika kumnyamazisha mama aliyefiwa, ambaye ndiye msanii wa utendi huu mzima. Mchongaji humaliza kazi yake kwa siku chache. Mama huiendeleza kwa miaka. Uhakiki usiomsikia yeye haujakihakiki kinyago.