Uchambuzi: Injini ikiongezwa nguvu Kampala, nani hubaki mdhamini wa gari?

Zamani, kijana wa Kampala aliyetaka gari lake likimbie zaidi alihitaji vipuri, spana na siku kadhaa za kushinda gereji. Leo, kwa gari dogo lenye injini ya turbo, kazi hiyo huweza kukamilika katika muda wa saa moja hivi. Fundi huchomeka waya chini ya usukani, huondoa programu iliyowekwa kiwandani katika kompyuta ya injini, huweka nyingine, na gari huondoka likiwa na nguvu ambayo halikuwa nayo asubuhi.

Pamoja na nguvu hiyo huuzwa ahadi moja: kwamba programu mpya haivunji dhamana ya gari. Ahadi hiyo ilizaliwa Ulaya na Marekani, ambako ina maana mahususi. Kampala, ambako magari mengi huingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika, ahadi hiyo inastahili kupimwa upya, kwa sababu gharama ya kuielewa vibaya ni injini nzima.

Msikilizaji wa Kiswahili nchini Uganda hulisikia neno dhamana mara nyingi zaidi katika habari za mahakama kuliko katika duka la magari. Mshtakiwa hupewa dhamana pale mtu mwingine anapokubali kusimama kwa niaba yake. Dhamana ya gari haiko mbali na maana hiyo: mtengenezaji husimama kwa niaba ya injini, na kusema kwamba ikifa kabla ya muda fulani kwa kosa la kiwandani, mzigo ni wake. Basi swali la kwanza kabla ya kuongeza nguvu ni nani, kwa jina na kwa maandishi, atasimama ikiwa injini itakufa. Idadi ya farasi watakaopatikana ni swali la pili.

Programu hubadili nini

Turbo ni pampu inayoendeshwa na moshi unaotoka kwenye injini. Husukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi iungue. Kompyuta ya injini ndiyo inayoamua turbo isukume kiasi gani, petroli iingie kiasi gani, na cheche iwashwe wakati gani. Kiwanda huweka viwango hivyo kwa tahadhari, kwa kuwa hakijui gari litauzwa wapi, litajazwa mafuta gani, wala kama mwenye gari atabadilisha oili kwa wakati.

Anayeandika programu mpya huipunguza tahadhari hiyo. Nguvu inayopatikana ni ya kweli, lakini imechukuliwa kutoka akiba ya usalama ambayo wahandisi waliiweka kwa makusudi. Joto huongezeka, pistoni hubeba mzigo mkubwa zaidi, klachi na giaboksi hupokea msukumo ambao huenda havikupimwa kuubeba. Injini nzima, yenye mafuta safi na vipoza hewa visivyoziba, huweza kustahimili hali hiyo kwa miaka. Injini iliyochoka haina akiba hiyo ya kutoa.

Ahadi ilikotoka

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Uingereza. Kampuni ya Mountune, yenye uhusiano wa muda mrefu na Ford, ilitoa vifaa na programu kwa ajili ya Ford Fiesta ST iliyozinduliwa mwaka 2013, gari dogo lenye injini ya turbo ya lita 1.6. Nguvu ilipanda kutoka farasi 182 hadi 215, na dhamana ya Ford ikabaki palepale. Volvo nayo iliuza programu za Polestar kwa utaratibu unaofanana na huo.

Sababu ya dhamana kubaki ilikuwa makubaliano zaidi ya ufundi. Mtengenezaji wa gari aliijua programu hiyo na kuikubali, na kazi ikafanywa na muuzaji aliyeidhinishwa naye. Kwa maneno mengine, mdhamini aliambiwa mapema na akaridhia. Programu nyingine yoyote, hata kama imeandikwa kwa ustadi mkubwa kuliko hiyo, haiwezi kujipa yenyewe ridhaa ya mtu wa tatu.

Kuna wanaoamini kwamba siri huweza kufichwa: programu ya kiwandani irudishwe siku moja kabla ya gari kupelekwa kwa muuzaji. Volkswagen na Audi zimeonyesha ugumu wa njia hiyo. Gari likiunganishwa na mitambo ya muuzaji, taarifa za programu yake hulinganishwa na kumbukumbu za kiwanda. Zikionekana kuchezewa, gari hupewa alama ya TD1, na madai ya dhamana yanayohusu injini na giaboksi huweza kukataliwa.

Marekani ina sheria ya mwaka 1975, iitwayo Magnuson-Moss, inayomzuia mtengenezaji kufuta dhamana kwa sababu tu mwenye gari ametumia kifaa cha kampuni nyingine. Hata hivyo sheria hiyo haimlazimishi mtengenezaji kulipia hasara iliyosababishwa na kifaa hicho. Turbo ikipasuka kwa kusukumwa kupita kiasi na programu ya nje, sheria haitamfanya kiwanda awe mdhamini wa kazi ya mtu mwingine.

Gari lisilo na mdhamini

Turudi Kampala. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayoonekana katika barabara za jiji yalitumika kwanza Japani, yakasafirishwa kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha yakauzwa katika maegesho ya wafanyabiashara ambayo Waganda huyaita bondi. Tangu mwaka 2018 sheria inazuia kuingiza nchini gari lililofikisha umri wa miaka 15 tangu litengenezwe. Maana yake ni kwamba gari la miaka kumi au kumi na miwili bado huingia kihalali.

Dhamana ya mtengenezaji kwa kawaida hufungwa na mambo matatu: miaka, kilomita, na soko ambamo gari liliuzwa likiwa jipya. Gari lililotoka Japani likiwa na umri wa miaka kumi kwa kawaida limekwisha kuvuka mpaka wa miaka na ule wa soko. Fundi akimwambia mwenye gari hilo kwamba programu yake haitaharibu dhamana, huenda asiwe amesema uongo. Kisichokuwepo hakiharibiki.

Kinachoweza kuwepo ni dhamana ya aina nyingine, yaani ya fundi mwenyewe. Sheria ya Uganda ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inagusa pia kazi ya huduma, na mkataba wa maandishi humpa mteja mahali pa kuanzia anapotafuta haki. Tatizo ni kwamba kazi nyingi za gereji hufanywa kwa maneno na kwa malipo ya simu, bila karatasi inayoeleza nini kilibadilishwa. Injini ikifa baada ya miezi miwili, mteja hubaki na ujumbe wa muamala, na fundi hubaki na maelezo kwamba mafuta yalikuwa mabaya.

Mwinuko na mafuta

Maelezo hayo ya fundi si lazima yawe kisingizio. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia kumi likilinganishwa na pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Yenye turbo huhimili vizuri zaidi, kwa kuwa pampu yake huweza kufidia upungufu. Lakini fidia hiyo ina bei. Ili kufikisha ndani ya injini shinikizo ambalo pwani lingepatikana kwa kuikandamiza hewa mara 2, turbo ya Kampala hulazimika kuikandamiza karibu mara 2.3. Huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na hewa hutoka ikiwa na joto zaidi.

Kwa hiyo programu iliyoandikwa na kujaribiwa katika nchi tambarare ya Ulaya, kisha ikapakuliwa na kuwekwa hapa bila kurekebishwa, huweza kuidai turbo kazi ambayo mwandishi wake hakuikusudia.

Suala la pili ni petroli. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mkandamizo bila kulipuka kabla ya wakati wake. Kwa viwango vya Japani, petroli ya daraja la juu haipaswi kushuka chini ya okteni 96, na ya kawaida 89. Gari kama Subaru Impreza WRX STI ya milango mitano, iliyozinduliwa mwaka 2007 na kupendwa na vijana wengi wa Afrika Mashariki, lilipimwa kwa petroli ya daraja la juu. Likijazwa petroli hafifu kuliko hiyo, injini huanza kugonga, na kompyuta hulazimika kuchelewesha cheche ili kuiokoa. Gari hilo linahitaji kwanza kurekebishwa liendane na mafuta yanayopatikana. Kuliongezea nguvu kabla ya hapo ni kuongeza mzigo juu ya mgonjwa.

Uchakachuaji huongeza hatari. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, pamoja na Wizara ya Nishati, huendesha mpango wa kuweka alama maalumu katika mafuta ili kubaini yaliyochanganywa au kukwepeshwa kodi. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa hupoteza okteni. Injini ya kiwandani huenda ikalalamika na kuendelea. Iliyoondolewa akiba yake ya usalama huweza kutoboka pistoni katika mwendo mmoja wa kupanda mlima.

Bima, hewa na barabara

Hasara haiishii kwa mwenye gari. Anayekata bima kubwa, inayolipia pia uharibifu wa gari lake mwenyewe, ana wajibu wa kumweleza mwenye bima ukweli wote unaohusu gari hilo. Nguvu iliyoongezwa ni mojawapo ya ukweli huo. Ikifichwa, kampuni hupata mlango wa kukataa dai siku ya ajali.

Baadhi ya marekebisho makubwa huenda sambamba na kuondoa masega, yaani kifaa kilicho kwenye bomba la moshi kinachopunguza sumu, ili moshi utoke bila kizuizi. Katika jiji ambalo mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukipima uchafu wa hewa kwa miaka kadhaa, hiyo ni nafuu ya mmoja inayolipiwa na mapafu ya wengi.

Kisha ipo barabara yenyewe. Ripoti ya polisi kwa mwaka 2024 ilionyesha kwamba zaidi ya watu 5,000 walipoteza maisha katika ajali za barabarani nchini. Mwezi Juni 2025 serikali ilianza kutoza faini za mwendo kasi kwa kutumia kamera, kisha ikasitisha mfumo huo baada ya siku chache kufuatia malalamiko ya madereva kuhusu viwango vya faini. Mjadala huo haujabadilisha ukweli mmoja: hata katika barabara ya haraka ya Kampala na Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, mwisho wa mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 100 kwa saa. Kasi hiyo gari dogo lenye turbo huifikia bila programu yoyote ya ziada. Breki na tairi, ambazo programu haizigusi, ndizo zinazoamua gari litasimama wapi.

Maswali kabla ya waya kuchomekwa

Haya yote hayamaanishi kwamba kila anayeongeza nguvu ni mpumbavu, wala kwamba kila fundi ni tapeli. Kampala ina mafundi wanaoijua kazi yao, na nchi ina historia ndefu ya mashindano ya magari ambayo imewafunza wengi kuisikiliza injini. Fundi wa namna hiyo hatakasirika akiulizwa. Atakubali kuipima afya ya injini kabla ya kuigusa, na kukataa kazi ikiwa mgandamizo wa silinda umeshuka. Ataeleza programu imeandikwa kwa petroli ya okteni gani na kwa mwinuko upi. Atahifadhi nakala ya programu ya kiwandani na kumkabidhi mwenye gari. Na ataandika, akatia saini, atalipia nini, kwa muda gani, na kwa masharti gani.

Karatasi hiyo inaweza kuandikwa kwa lugha ambayo mteja anaielewa. Katiba ya Uganda, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na hakuna ubaya kwa mteja kuomba asomewe kwa Kiswahili kile anachotakiwa kukitia saini kwa Kiingereza. Neno litakalomfaa kulitafuta humo ni lile la mahakamani: dhamana. Chini yake pawe na jina la mtu. Pasipo na jina, mdhamini wa injini hiyo ni mwenye gari mwenyewe, na ni vyema alijue hilo kabla ya kulipa.