Cheti Hakishushi Ndege

Wasee, kuna kazi ambayo ukikaa zaidi ya miezi 6 bila kuifanya, ruhusa yako inakufa, hata kama cheti kiko kwa fremu pale sebuleni kwenu. Ni kazi ya kuongoza ndege. Kanuni ni ya ICAO, shirika la anga la Umoja wa Mataifa.

Huko kumaliza silabasi hakutoshi. Unapewa ndege kadhaa kwa simuleta, mvua imefunga njia, tuone utafanya nini. Kisha unaingia mnarani, mwalimu kando yako, tayari kuchukua maiki. Ukihamishwa kutoka JKIA hadi Mombasa, unapimwa upya, maana anga ni nyingine.

Huo ndio umilisi. Sasa linganisha na ule tunaouziwa shuleni tangu 2017: watoto wamebanana, mwalimu ni mmoja, mzazi anakata manila usiku, halafu ripoti inasema mtoto "amefikia matarajio". Nani alimwona akifanya?

Mtasema naongea hivi juu niliacha chuo. Sawa. Lakini sisemi tuchome vyeti. Hata mwongoza ndege huanzia darasani. Nasema serikali iache kutamba na neno umilisi kama haitaki kulipia walimu na vifaa. Na wewe mwajiri unayedai digrii ndio usome barua yangu, nipe kazi ya siku moja kwanza, usimame kando, uangalie mkono wangu.

Nikishindwa, chukua maiki.