Penalti ya Kasarani: tulifunza miguu, kichwa tukakiachia Mungu

Wacha tuanze na ile Ijumaa ya Agosti 22, 2025. Ulikuwa wapi? Kama hukuwa Kasarani basi ulikuwa kwa local, ama kejani ukiskia TV ya jirani ikikuspoilia goli sekunde mbili kabla ya yako. Harambee Stars na Madagascar, robo fainali ya CHAN. Dakika 120 zikaisha 1-1. Penalti zikaja, tukalala 4-3.

Pengine uliandika kitu online hiyo usiku. Mimi niliandika, nikafuta asubuhi. Screenshot sijui nani anayo.

Sasa rudi nyuma kidogo. Hii ndio timu ilikuwa imechapa DR Congo, Morocco na Zambia, ikatoka draw na Angola, ikamaliza kundi juu na pointi 10. Hakuna mtu alikuwa anatarajia. Doo ilikuwa inaahidiwa, na kabla ya Madagascar Rais akaahidi kila mchezaji milioni moja na nyumba ya bedroom mbili wakishinda. Mtaani tulipiga makofi. Nani atakataa keja ya bure?

Lakini hebu jiweke kwa viatu vya msee anaenda kupiga. CHAN ilikuwa ya wachezaji wa ligi za nyumbani pekee, so huyu si mtu wa kulipwa pauni kila wiki. Hii ni ligi yetu, yenye mchezaji anaweza kaa miezi akingoja mshahara. Anatoka half line peke yake, anatembea mita kama arobaini, na mwisho wa hiyo safari kuna mpira, golkipa, na nyumba ya mamake. Usiniambie anafikiria tu kona ya kushoto.

Kuna mtafiti wa Norway anaitwa Geir Jordet amesoma penalti miaka mingi. Yeye na mwenzake waliangalia mashindano makubwa, World Cup, Euro na Champions League, wakapata kitu cha kushangaza. Msee akipiga ile penalti ambayo ikiingia timu inashinda hapo hapo, wanafunga karibu 92 kwa 100. Akipiga ile ambayo akikosa safari imeisha, inashuka chini ya 60 kwa 100. Mpira ni ule ule, umbali ni ule ule, mita 11. Chenye kimebadilika ni stori iko kwa kichwa: moja anafuata raha, ingine anakimbia aibu.

Na mtu akikimbia aibu, anaharakisha. Angalia clip za penalti utaona. Refa anapuliza filimbi, jamaa hata hajavuta pumzi, ashapiga. Anataka tu hiyo kitu iishe.

Hapo ndipo mwanasaikolojia wa michezo anaingia, na kazi yake si vile wengi wanadhani. Hakai hapo na kalamu akikuuliza kuhusu utoto wako. Anakujengea utaratibu wako wa penalti: unaweka mpira mwenyewe, unarudi hatua zile zile kila siku, unavuta pumzi, unachagua kona, hubadilishi. Filimbi ikilia unangoja sekunde moja mbili, unapiga ukiwa tayari. Mnafanya hivyo mazoezini mkiwa mmechoka, na ile matembezi ya kutoka half line mnaifanyia practice pia. Na mnapanga mapema kitu ambayo sisi huwa hatupangi kabisa: nani anamfuata yule amekosa, anamwambia nini, na nani anakaa na yeye wiki inayofuata.

England walijifunza hii kwa uchungu. Walitolewa kwa penalti 1990, 1996, 1998, 2004, 2006 na 2012. Gareth Southgate mwenyewe alikosa ile ya 1996 dhidi ya Ujerumani. Alipokuwa kocha, timu ikaleta mwanasaikolojia Pippa Grange mwishoni mwa 2017, na 2018 wakatoa Colombia, mara yao ya kwanza kushinda penalti kwa World Cup.

Usidhani hiyo ni juju. Fainali ya Euro 2020, ile ilichezwa 2021, walikosa tena mbele ya Italia. Bukayo Saka, miaka 19, ndiye alipiga ya mwisho. Wewe msee wa Arsenal unakumbuka matusi ya ubaguzi yeye, Rashford na Sancho walipigwa. Pia unakumbuka aliporudi klabu akaonyeshwa ukuta umejaa barua za mafans. Julai 2024, robo fainali na Switzerland, penalti tena. Saka akaweka mpira chini, akafunga. Wote watano walifunga.

Jamaa alirudi kwa sababu kuna watu walimshika katikati ya hiyo miaka mitatu. Sisi wetu nani anawashika?

Chukua Eliud Kipchoge. Huyu ndiye tulikuwa tunamwita mtu wa akili ya chuma, msee wa 1:59:40 kule Vienna. Februari 2024 Kelvin Kiptum akafa kwa ajali ya barabara, na wasee online wakaanza kuunganisha Kipchoge na kifo hicho bila ushahidi wowote. Mei mwaka huo alieleza BBC kwamba alitishiwa kuchomewa nyumba na mali yake, na watoto wake wakaacha kwenda shule na baiskeli, ikabidi wapelekwe na gari. Wiki tatu baada ya ajali alikimbia Tokyo Marathon akiwa hajalala siku tatu. Akamaliza nambari 10, nafasi mbaya zaidi kuwahi kupata kwa marathon hadi hapo. Nasi tukasema amezeeka.

Ni kweli umri pia unahesabika. Lakini hakuna programu ya mazoezi duniani inaandikiwa mtu hajalala siku tatu kwa kuogopea watoto wake.

Kuna mahali naogopa hii stori ya afya ya akili, niseme ukweli. Viongozi wa michezo wanaweza kuigeuza kuwa semina ya hoteli, banner na chai, halafu mchezaji arudi kwa landlord bila mshahara. Mwanasaikolojia hawezi kutibu deni la rent. Mlipeni mtu kwanza, kwa wakati, na hizo ahadi kubwa mngoje mechi iishe ndio mzitangaze.

AFCON 2027 tunaandaa na Tanzania na Uganda, na hatua ya mtoano huwa na penalti zake. Wale England walileta mtu wao miezi kama minane kabla ya hiyo mechi ya Colombia. Kwa hivyo federation ikitangaza kikosi cha makocha, golkipa kocha yuko, daktari yuko, mtu wa video yuko, shuka hadi chini ya hiyo list uone kama kuna jina la mtu wa kichwa. Likikosa, uliza mapema, kwa hizo comment section zenye unajua kutumia vizuri sana usiku tukipoteza.