Kabla ya Kuchagua Ua, Kagua Uzio

Na Mwanahamisi Kombo

Vuli ikikaribia, wauza miche wa kando ya barabara hapa Dar es Salaam huwa na swali moja tu kwa mteja: unataka ua la rangi gani? Mteja hutaja rangi, hupakia mche wake kwenye bajaji, na baada ya miaka miwili anatafuta kijana mwenye panga aje kuung'oa. Rangi ingeulizwa mwisho. Kwanza tujue uzio wenyewe una kazi gani na una nguvu gani.

Ukuta wa tofali unaopigwa na jua kutwa, tena upande wa barabarani, ni wa bogenvilia. Hapo sibishani na mtu. Asili yake ni Amerika Kusini, na jina lilitokana na Louis-Antoine de Bougainville, baharia Mfaransa aliyeizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Miiba yake hufanya kazi ya vile vipande vya chupa tunavyochomeka juu ya kuta, ila kwa adabu zaidi. Kosa la wengi ni kuidekeza. Wanaimwagia maji kila jioni, wanaijazia samadi, kisha wanalalamika kwamba imetoa majani matupu. Iache ione kiu, ndipo itachanua. (Ile rangi tunayoisifia, kwa taarifa yako, ni ya majani yaliyobadilika; ua lenyewe ni kile kidude cheupe cha katikati.) Haina vikonyo vya kujishikiza, kwa hiyo ifunge kwa kamba ikiwa changa. Na usiipande kwenye uzio wa mabanzi au wavu wa waya uliochoka. Ikikomaa, shina lake ni mti kamili, na uzio utalala chini nayo.

Wavu wa waya unataka kitu chepesi. Kuna ule mtambao wenye maua ya rangi ya chungwa na jicho jeusi katikati, mmea wa kwetu kabisa Afrika Mashariki. Wauza miche hawauthamini kwa sababu unaota bure vichakani. Chukua mbegu, panda.

Asumini ni nusu kichaka, haipandi juu sana, lakini iweke karibu na dirisha au baraza, maana hufunguka na kunukia usiku. Waliokulia Unguja, Mombasa au Lamu hawahitaji kuambiwa. Vikuba vinasukwa kwa maua hayohayo. Kwenye kichanja, mimi naona pasheni inashinda yote: ua zuri, kisha juisi. Ile ya manjano haijichavushi, basi panda miche miwili iliyotoka kwa wazazi tofauti.

Alamanda ya manjano inapendeza, ila utomvu wake una sumu. Iwe mbali na watoto. Mbaya zaidi ni ule mtambao wa Madagaska wenye maua ya zambarau hafifu na utomvu mweupe kama maziwa. Unaua mifugo. Ulipelekwa Australia kama pambo katika karne ya 19, na leo umezivamia kingo za mito ya Queensland. Mbegu zake zina manyoya, upepo huzibeba. Kama unao uani kwako, ung'oe kabla maganda hayajapasuka, na usimgawie jirani mche.