Kwa Nini Hadithi Zetu Zina Theluji?

Ijumaa moja muhula uliopita, kikundi chetu cha waandishi kilikaa chini ya mwembe kusomeana hadithi. Sharti lilikuwa moja tu: tunga ulimwengu wako mwenyewe, usiokuwepo kwenye ramani yoyote, halafu utueleze sikukuu yake kubwa. Tulisoma hadithi saba. Katika tano kati ya hizo, theluji ilianguka. Watu wamezunguka moto, nje upepo wa barafu, ndani kuna mti uliopambwa, na usiku wa manane anapita mzee mwenye ndevu akigawa zawadi. Majina ya nchi yalikuwa mapya kabisa, mengine hata kuyatamka ni shida. Sikukuu ilikuwa ileile ya kwenye sinema.

Simcheki mtu. Moja ya hizo tano ilikuwa yangu.

Mimi nimekulia Rusumo, Ngara, pale mpakani na Rwanda. Theluji sijawahi kuiona kwa macho. Hata ile ya Kilimanjaro, mara moja niliyopita Moshi mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Lakini kwenye hadithi yangu niliieleza kurasa mbili nzima, jinsi inavyolia chini ya viatu, nikajiona mwandishi kweli. Likizo ilipofika nikamsomea bibi yangu jioni moja akichambua maharage. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, kisha akauliza:

"Sasa hao watu, ardhi ikiganda miezi yote hiyo, wanakula nini? Na ng'ombe wao wanapata wapi majani?"

Nikamwambia, bibi, hiyo ni hadithi tu.

"Hata sungura wa kwenye hadithi anakula, mjukuu wangu."

Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Niliporudi chuoni nikaanza kufuatilia wale waandishi tunaowaiga, nikakuta wao jibu wanalo. Kule kaskazini mwa Ulaya, tarehe 21 au 22 Desemba ndiyo siku fupi kuliko zote za mwaka. Shamba limekufa, malisho hakuna. Mnyama ambaye hutaweza kumlisha mpaka majani yaote tena ilikuwa afadhali umchinje mapema, kwa hiyo nyama ilikuwepo, na pombe ya mavuno ilikuwa imeiva. Halafu kuanzia siku hiyo jua linaanza kurudi, dakika kwa dakika. Ukikaa gizani namna hiyo, lazima ufurahi. Sikukuu yao ya kale iliyoitwa Yule ilitokana na hofu hiyo na nyama hiyo, muda mrefu kabla Krismasi haijafika kwao.

Ndiyo maana J.R.R. Tolkien alipotunga kalenda ya Hobbiti wake aliwawekea siku za Yule katikati ya baridi. Hakuazima kwa mtu, alichukua neno la wazee wake. C.S. Lewis aliiadhibu Narnia kwa baridi isiyoisha na Krismasi isiyofika, na msomaji wa Uingereza alijua mara moja adhabu hiyo ina uzito gani. Terry Pratchett mwaka 1996 akatoa Hogfather, ambamo mgawa zawadi anavutwa na nguruwe dume badala ya paa, kwa sababu anakumbuka kwamba chini ya mapambo yote yale kulikuwa na nguruwe wa kuchinjwa. Wote watatu walianzia nyumbani. Sisi tumeokota mapambo, nguruwe tukamwacha.

Sasa tuiweke hiyo sikukuu Rusumo tuone. Tuko nyuzi mbili na kitu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka mzima haifiki dakika 20, yaani muda wa kusubiri chai ichemke kwenye jiko la mkaa. Na kwa kuwa tuko kusini, hiyo tarehe 21 Desemba kwetu ni miongoni mwa siku ndefu! Desemba ni mvua, tope, magugu, maharage ya vuli yanakaribia kuvunwa au yameshaanza. Hakuna jua la kuomba lirudi. Tukiwa na hofu, hofu yetu ni nyingine: kiangazi cha Juni hadi Agosti, vumbi jekundu, asubuhi zenye baridi ya kuvaa sweta, vilima vimegeuka rangi ya majani makavu, halafu Septemba unatazama juu ukijiuliza mvua itakuja lini.

Anayetaka sikukuu ya katikati ya baridi, basi ipo, na ni ya Waswahili wenyewe. Nenda Makunduchi, Unguja, mwezi Julai, kipupwe kimekolea. Mwaka Kogwa. Wanaume wa pande mbili za mji wanachapana kwa mashina ya migomba, wamalize kinyongo cha mwaka mzima. Kibanda cha makuti kinachomwa moto huku kuna mtu ndani, naye anachomoka na kukimbia. Wanawake wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote na wanaimba, kisha watu wanakula, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo inahesabiwa kuwa na mkosi. Wanasema asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Kule Uajemi mwaka mpya huangukia Machi, ila hesabu ya pwani ilikuwa ya siku 365 kamili bila kuongeza siku kila mwaka wa nne, hivyo sikukuu ikawa inasogea polepole kwenye majira. Jamani, sikukuu inayotembea ndani ya kalenda! Mtunzi gani wa fantasia angekataa kitu kama hicho?

Na karibu zaidi na kwetu kuna jambo ambalo linaniuma kidogo. Lugha ya Wahangaza na Kirundi ni ndugu wa damu, lakini nimefika chuo kikuu ndipo nikasoma kuhusu Umuganuro, sikukuu ya mtama ya Burundi. Ilifanyika Desemba, ngoma za kifalme zikilia, na mbegu ya mtama ilipokwisha kubarikiwa mbele ya mwami ndipo watu wakapanda. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikakoma, wakoloni na wamisionari wakiiona ni upagani. Rwanda, ng'ambo ya daraja letu, Umuganura wao ulipigwa marufuku na Wabelgiji mwaka 1925, na Gashamura, mkuu wa mambo hayo ya ibada, akafukuzwa nchini na kupelekwa Burundi. Tangu 2011 wameirudisha kama sikukuu ya taifa, Ijumaa ya kwanza ya Agosti. Kwa hiyo nilikua naona watu wakivuka daraja kwenda kusherehekea, nikidhani ni mambo ya Wanyarwanda tu hayo.

Mtaniambia mawazo ni huru, acha mtu aandike theluji akitaka. Ni kweli, andika. Mimi mwenyewe siwezi kukunyima. Ila angalia uhuru gani huo ambao watu watano, wanaotoka mikoa mitano, wanautumia kufika mahali pamoja. Shaaban Robert alipotunga Kusadikika, kitabu kilichotoka 1951, aliiweka nchi yake angani kabisa, isiyogusa ardhi. Hakuna nchi ya kubuni kuliko hiyo. Lakini humo kuna baraza, mashtaka, watu wanaofungwa kwa sababu ya kusema, na wasomaji wake chini ya ukoloni hawakuhitaji kutafsiriwa.

Nina sababu nyingine ya kulishupalia hili, na si nzuri kwangu. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha niliwapa Kidato cha Pili insha, "Sikukuu Niipendayo". Mmoja aliandika nyumba yenye dohani, theluji dirishani, soksi zimetundikwa. Lugha safi. Nikampa 16 kati ya 20. Mwingine aliandika kwamba baba yake ni dereva wa lori, Krismasi ilimkuta kwenye foleni mpakani, wakampelekea wali na kuku kwenye hotipoti, wakala wote watatu wakiwa wamekaa kwenye kabini huku mvua inanyesha. Nikampa 11 na kuandika kwa kalamu nyekundu: "Shamrashamra za sikukuu ziko wapi?" Mwalimu mtarajiwa huyo. Daftari nililirudisha kabla sijasikia swali la bibi, na mazoezi yakaisha. Kama ningeweza kulipata tena lile daftari!

Kwa sababu ile kabini ndiyo fantasia yenyewe. Hapo Rusumo ukivuka daraja, saa inarudi nyuma saa moja nzima, na magari yote yanahama kutoka kushoto kwenda kulia. Chini yako mto unaanguka na kunguruma. Ukienda upande wa Bukoba mwezi Novemba, chakula chenye mabawa kinashuka usiku kufuata taa, watu wanatoka na mifuko kukusanya senene, na zamani kwa Wahaya wanawake walikuwa wakiwakamata lakini hawaruhusiwi kuwala. Hapo tayari una ajabu, una sheria, na una mtu wa kuivunja sheria. Hadithi imeshaanza.

Mimi nimefuta zile kurasa mbili za theluji. Kwenye hadithi mpya sikukuu inakuja siku mvua ya kwanza inapogusa vumbi, na hakuna anayejua ni siku gani, kwa hiyo kila nyumba inalala na mbegu mlangoni. Nimekwama kwenye jambo moja tu: nani aonje kwanza. Nilitaka awe mfalme. Nimempigia bibi simu, anasema hapana, aonje yule aliyekosa mavuno mwaka jana.

Ijumaa ijayo tunakaa tena chini ya mwembe, saa kumi.