Miji ya Moto wa Uongo

Katika mdahalo wa muhula huu mwenzetu mmoja alisimama akasema ya kuwa hila ya vita ni hila tu, haina haja ya kupimwa. Adui akidanganyika, basi. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, na kwa kuwa kengele ililia kabla sijapata nafasi, naomba kusema hapa.

Mfano alioutoa ulikuwa mzuri, na inafaa wasomaji wote waujue. Usiku wa tarehe 14 Novemba, 1940, ndege za Wajerumani ziliuchoma mji wa Coventry, Uingereza, wakafa watu zaidi ya 500. Ndege chache zilitangulia kutupa mabomu ya moto, na zile za nyuma hazikuwa na kazi ya kutafuta mji, zilifuata moto tu. Basi Waingereza wakasema: kama adui afuata moto, na tumwashie moto mahali pengine.

Kazi hiyo alipewa Kanali John Turner, mhandisi aliyekwisha kustaafu. Mafundi wake aliwapata mahali ambapo wewe na mimi tusingalifikiri, yaani Shepperton, kwa watengenezaji wa sinema, watu waliozoea kujenga nyumba zenye ukuta wa mbele tu! Walikuwa wamekwisha kumtengenezea ndege za bandia na viwanja vya ndege vya taa tupu. Sasa walijenga mji unaoungua. Mashambani, kadiri ya maili 4 kutoka mji wa kweli, walipanga vikapu vya chuma vilivyojaa kuni zilizotiwa mafuta. Penginepo waliweka matangi. Mafuta yakiisha kuwaka sana, maji yalimwagwa juu yake, na ndimi za moto zikaruka ghafula kama paa la nyumba linaloanguka. Askari wachache walikaa handakini karibu na hapo, wana simu na swichi za umeme, wakingoja amri.

Ugumu ulikuwa katika saa ya kuwasha. Ukiwashwa mapema, adui angetambua kwamba anachezewa. Ukichelewa, mji wa kweli umekwisha shika moto. Ilipasa uwashwe wakati ule ule wazima moto wa mjini wanapozima mioto ya kwanza, hata rubani ajaye nyuma aone mmoja unafifia na mwingine unawaka. Vituo hivyo viliitwa Starfish, na kufikia mwisho wa vita vilikuwa 237, vikilinda miji 81.

Mpaka hapo sina ugomvi na mwenzangu. Lakini yeye alisema mabomu “yalipotea porini.” Porini kwa nani? Usiku wa tarehe 17 Aprili, 1941, adui alipokuja kuupiga Portsmouth, mioto ya uongo iliwashwa kando ya Langstone Harbour, na mabomu mengi yakaangukia upande wa kisiwa cha Hayling. Huko Sinah wapiga mizinga 6 walikufa. Hao walikuwa askari, waliwekwa zamuni. Wenye nyumba za kisiwani je? Hawakuambiwa neno, maana siri ikijulikana na kijiji kizima si siri tena.

Mwaka 1944 jambo likawa gumu zaidi. Kuanzia mwezi wa Juni Wajerumani walirusha London mabomu ya V-1, yaliyoruka yenyewe bila rubani. Ili kujua yanaanguka wapi waliwategemea wapelelezi wao, wasijue kwamba hao sasa waliwatumikia Waingereza. Mtaalamu mmoja wa sayansi, R. V. Jones, alishauri adui apewe habari za kumfanya aamini kwamba mabomu yanaupita mji, ili ayapunguzie mwendo yaanguke kusini zaidi. Katikati ya London palikuwa na watu wengi zaidi, kwa hiyo hesabu yake ilikuwa sawa. Lakini kusini hakukuwa na mashamba matupu, kulikuwa na nyumba za watu. Waziri Herbert Morrison alipinga, akiona serikali haina haki ya kuchagua nani afe badala ya nani. Hila iliendelea hata hivyo.

Jones mwenyewe aliandika baadaye kwamba wazazi wake walikaa upande ule ule, na shule yake ya zamani ilikuwa huko. Kwa hilo namheshimu. Hakutuma mabomu kwa watu wa mbali asiowajua. Lakini hata wazazi wake hawakuulizwa.

Mwenzangu atasema ya kuwa kuomba ruhusa katikati ya vita ni upuuzi. Haikuwezekana, nakubali. Lakini vita vilikwisha mwaka 1945, na habari za hila hii ya V-1 hazikutolewa hadharani mpaka miaka ya 1970. Kwa miaka zaidi ya 25 mtu wa kusini mwa London alizika jamaa yake akidhani ni bahati mbaya tu. Hapo ndipo nisipoweza kupiga makofi. Wako wazee wa shule yetu waliokwisha kushika madaraka makubwa. Ningependa kusoma katika toleo lijalo wao wangaliamuaje.