Mgeni akianguka dukani, utamuuliza nini?

Kariakoo inauza kwa lugha nyingi. Mitaa ya Kongo, Msimbazi, Aggrey na Sikukuu inapokea wateja kutoka Komoro, Kongo, Burundi, Zambia na Malawi, na katika baadhi ya maduka kumekuwa na wauzaji waliotoka China. Kwenye bei hakuna shida. Mmoja anabonyeza kalkuleta, mwingine anatikisa kichwa, na mzigo unafungwa.

Shida huanza mtu anapoanguka. Kalkuleta haiwezi kuuliza panauma wapi, unatumia dawa gani au una mimba.

Wazazi wengi wakisikia habari ya huduma ya dharura huwafikiria madaktari na gari la wagonjwa. Lakini mtu wa kwanza kufika mara nyingi ni muuza duka, mama lishe, bodaboda au mpangaji wa chumba cha pili. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, Novemba 16, 2024, wafanyabiashara na wapita njia walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufukua kifusi, wengine kwa mikono mitupu. Siku kama ile, anayejua kusema "usisogee" kwa lugha ya majeruhi anaweza kumwokoa na ulemavu.

Nchini Marekani, ambako zaidi ya watu milioni 40 huzungumza Kihispania nyumbani, wahudumu wengi wa magari ya wagonjwa hujifunza Kihispania cha msingi: panauma wapi, pumua, usisogee. Hawajifunzi ili waweze kupiga soga. Wanajifunza maneno ya dakika kumi za kwanza. Kwa Kariakoo, lugha inayohitajika zaidi si Kihispania bali Kifaransa, kwa sababu ya wageni wa Komoro, Kongo na Burundi, pamoja na Kichina kidogo.

Uliza swali ambalo jibu lake utalielewa

Kosa la anayejifunza lugha ni kuuliza swali refu na kupewa jibu refu asiloelewa. Kwenye dharura, uliza kinachojibiwa kwa ndiyo, hapana au kwa kidole.

Kwa Kifaransa, haya yanatosha kuanzia. Yamekaribishwa kwenye matamshi ya Kiswahili:

"Vu zave mal u?" – Panauma wapi? Mwache aonyeshe kwa kidole.
"Ne buje pa" – Usisogee. Ni muhimu kwa aliyeanguka kutoka juu au kugongwa na gari.
"Vu prene de medikaman?" – Unatumia dawa? Mwombe akuonyeshe pakiti.
"Diyabet?" – Una kisukari?
"Alerji?" – Kuna kitu kinakudhuru, kama dawa au chakula?
"Vu zet ansent?" – Wewe ni mjamzito?

Jibu la ndiyo ni "wi" na hapana ni "no". Kwa Kichina, "nali teng?" ni panauma wapi. Lugha hiyo hubadili maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti, hivyo sema huku ukionyesha kichwa, kifua na tumbo lako.

Kuwa makini pia na mgonjwa anayekubali kila kitu. Mtu mwenye maumivu, tena ugenini, huweza kutikisa kichwa kwa heshima tu. Muulize jambo ambalo unajua jibu lake ni hapana. Akijibu ndiyo tena, ujue hajakuelewa.

Saa ya Kiswahili inaweza kupoteza matibabu

Hapa ndipo wengi hawafikirii. Mgeni aliyejifunza namba za Kiswahili sokoni anaweza kusema ugonjwa ulianza "saa mbili", akimaanisha saa mbili ya kwao, ambayo kwetu ni saa nane mchana.

Chukulia sasa ni saa tisa alasiri. Mgonjwa uso umepinda na mkono mmoja umelegea, dalili za kiharusi. Ukisikia "saa mbili" kwa Kiswahili, utamwambia daktari tatizo lilianza asubuhi, saa saba zilizopita. Kumbe limeanza saa moja tu iliyopita. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo kwa kawaida hutolewa katika saa nne na nusu za mwanzo tangu dalili zianze. Kosa la kusikia linaweza kumfanya akose dawa aliyostahili, au kinyume chake, apewe wakati muda umepita.

Dawa yake ni rahisi. Mwonyeshe saa ya simu na mwombe aandike namba, kisha uliza kama ilikuwa kabla au baada ya kula mchana. Tahadhari hiyo itumike pia kwa mtoto mwenye homa: kabla ya kumpa paracetamol nyingine, hakikisha ya mwisho alipewa saa ngapi, kwa saa ya nani.

Kiharusi kina mtego mwingine. Mojawapo ya dalili zake ni maneno kutoeleweka, lakini usiyejua lugha ya mgonjwa huwezi kujua kama anaongea sawasawa. Mpigie ndugu au mwenzake simu, mweke karibu na mgonjwa, umuulize: hivi ndivyo anavyoongea siku zote?

Neno moja, maana mbili

Mwaka 1980, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali katika jimbo la Florida, Marekani, akiwa hajitambui. Familia yake, yenye asili ya Cuba, ilisema yeye ni "intoxicado", kwao ikimaanisha amedhurika na kitu alichokula. Hospitalini lilieleweka kama neno la Kiingereza linalofanana nalo, la mtu aliyelewa au kuzidisha dawa za kulevya. Akatibiwa hivyo kwa zaidi ya siku mbili. Kumbe damu ilikuwa inavuja ndani ya ubongo. Alipona akiwa amepooza mikono na miguu. Hakuna aliyeita mkalimani, kwa sababu kila upande ulidhani umeelewa.

Mitego kama hiyo ipo hata kwetu. Mzungumzaji wa Kifaransa akisema ana "tansiyon", si kwamba ana wasiwasi, anamaanisha presha ya damu. Mkenya akisema ana homa, huenda anazungumzia mafua, wakati mzazi wa Ilala atawaza joto la mwili na malaria. Hata "mkono" wetu huanzia begani hadi kwenye vidole, na lugha nyingine zina maneno mawili kwa sehemu hiyo.

Kwa hiyo maneno machache yana mpaka. Yanatosha kumtuliza mgonjwa, kujua panapouma na kumfikisha kwa mtaalamu. Hayatoshi kuamua apewe dawa gani. Hospitalini, toa ulichokiona kwa macho yako, na ulichotafsiri kiseme kuwa ni tafsiri yako. Programu ya kutafsiri kwenye simu inasaidia, ila tumia sentensi fupi na ukishapata tafsiri, igeuze irudi Kiswahili uone kama maana imebaki ileile.

Mtoto asibebeshwe ukalimani

Familia za wageni zinazoishi mjini mara nyingi zina mtoto anayejua Kiswahili kuliko wazazi, kwa sababu anasoma na kucheza hapa. Mama akizidiwa, wote humgeukia yeye.

Kama hakuna mwingine, muulize mambo mepesi tu: jina la mama, dawa anazotumia, simu ya baba. Asiulizwe habari za mimba kuharibika, uzazi au ugonjwa wa siri. Huenda hayajui maneno hayo, huenda akaficha kwa aibu au kumwonea mama huruma, na akikosea atabeba lawama moyoni miaka mingi. Mtafute mtu mzima, hata kwa simu.

Fanya leo nyumbani

Kila mtu wa familia awe na karatasi ndogo au picha kwenye simu yenye jina, umri, ugonjwa wa kudumu, dawa anazotumia, kinachomdhuru na namba ya ndugu wawili. Mpangaji au mfanyakazi mgeni mwombe aandike yake kwa lugha yake na kwa Kiswahili, akiwa mzima.

Wafundishe watoto namba za dharura: 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 ni Polisi. Namba 115 ni ya usafiri wa dharura wa m-mama kwa mjamzito, mama aliyejifungua na kichanga. Wajue pia kutaja mtaa na alama ya karibu.

Yapo mambo yasiyohitaji lugha yoyote. Anayedondoka na kifafa asitiwe kijiko mdomoni. Mwondolee vitu vya kumuumiza, na mtetemeko ukiisha mlaze ubavu. Mwenye kisukari anayetetemeka na kutoka jasho, kama anajitambua na anaweza kumeza, apewe kinywaji chenye sukari. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, hata maji.

Na unapofanya hayo, taja jina lako, gusa bega la mgonjwa na uongee kwa sauti ya chini. Maneno hatayaelewa, lakini atajua hajaachwa peke yake.